Paka Aliyekataa Mkono wa Kulia

Mimi paka sijawahi kumpenda, na sianzi leo. Nasema mapema, ili mtu asije akasikia nilivyomtetea huyu mmoja akanifikiria vingine.

Mwenye paka ni mume wangu. Ni fundi wa samani, lakini hakati mbao wala hapigi misumari. Wenzake wakishaunga kabati, yeye ndiye anayelisugua mpaka liwe laini, kisha analipaka vanishi. Karakana nzima inamwita Msasa, na mimi namwita hivyo hivyo, hasa nikiwa nimekasirika. Katika kazi yake haamini macho. Anayafumba, anapitisha kiganja cha kulia juu ya ubao taratibu, na akifika penye kasoro anasimama. "Hapa," anasema. Wewe ukikodoa huoni kitu. Anasugua tena, basi, limekwisha.

Paka alitoka huko huko karakanani, akaletwa nyumbani ndani ya kofia akiwa amejaa unga wa mbao, ndiyo maana anaitwa Vumbi. Ana miaka tisa. Kila siku jioni mume wangu akirudi ananawa, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na Vumbi anapanda mapajani bila kuitwa. Anampapasa kuanzia katikati ya masikio, anashuka mashavuni, anamkuna kidogo chini ya kidevu, kisha anateleza mgongoni kufuata manyoya. Tumboni hagusi. "Manyoya yana njia yake, kama mbao," huniambia, utafikiri nimeuliza. Na paka naye! Anafumba macho, anasukuma kichwa kwenye kile kiganja akidai zaidi, anakandakanda paja kwa miguu ya mbele, na kukoroma kwake nakusikia nikiwa kwenye cherehani.

Cherehani yangu iko hatua nne kutoka kwenye kiti hicho, nashona mapazia ya watu. Nitasema ukweli: nilikuwa naona wivu. Wivu wa paka, jamani, mwanamke mzima mwenye wajukuu! Lakini nilikuwa na sababu. Zamani mume wangu akipita nyuma yangu kwenda jikoni alikuwa ananiwekea kiganja shingoni, hapa nyuma, panapouma mtu akishona siku nzima. Haongei. Anabonyeza kidogo, anapita zake. Mwaka jana jambo hilo likaisha, hivi hivi tu, bila ugomvi. Nikajua amenichoka. Nikajikaza kisabuni, sikuuliza, ila kila nilipomwona Vumbi akikunwa kidevu mguu wangu ulizidi kukanyaga na mshono ukaenda upande.

Basi siku moja Vumbi akabadilika. Alikuwa amepakatwa kama kawaida, mara ncha ya mkia ikaanza kupigapiga. Ngozi ya mgongo ikawa inatetemeka, masikio yakalala nyuma. Msasa akaendelea kumpapasa. Paka akageuka, chap! Akamuuma kidole, akaruka chini.

Nilicheka sina mbavu. "Leo umepewa talaka!"

Hakucheka. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Akaanza kumhonga kwa vichwa vya samaki. Vumbi anakula, anapangusa mdomo, anakuja kulala juu ya miguu yangu chini ya cherehani, mimi nisiyemtaka.

"Amezeeka," mume wangu akasema. "Paka wakizeeka wanakuwa wakali."

"Mbona kwangu si mkali?"

"Kwako wewe nani atathubutu?"

Nikamwacha. Na kuna mambo mengine nilikuwa nayaona na siyaunganishi, Mungu anisamehe. Aliacha kuvaa mashati ya vifungo, ikawa fulana kila siku. Alivunja vikombe viwili ndani ya wiki moja, nikamfokea mpaka jirani akachungulia. Halafu akarudi siku moja uso umemshuka, akaniambia mteja amerudisha meza, imebaki na kibanzi kilichochana nguo ya mkewe. Ilikuwa ya pili mwezi huo. Mwenye karakana alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba ikirudi ya tatu atatafuta mtu mwingine wa msasa.

"Mbao za siku hizi mbovu," akasema. Kisha akaangalia pembeni.

Jumamosi akampigia dada yake simu aje amchukue paka. Mimi nilipaswa kufurahi. Miaka tisa nimefagia manyoya, na leo naambiwa yanaondoka yenyewe! Lakini nilimwangalia mume wangu akikunja kile kitambaa anacholalia Vumbi, akikikunja vibaya, akikifungua, akikikunja tena, na furaha haikuja.

Wifi yangu akafika mchana na kapu lenye kifuniko. Vumbi yuko juu ya meza. Mume wangu akashika kifuniko kwa mkono wa kulia, na kwa ule wa kushoto akamgusa paka kichwani kumuaga. Vumbi akafumba macho. Akasukuma kichwa kwenye kiganja, akaanza kukoroma kama zamani.

"Kaka," wifi akasema, "huyu ndiye mkali?"

Mume wangu akautazama mkono wake wa kushoto. Akaweka kifuniko chini, akabadilisha mkono. Na mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona. Manyoya yalididimia. Kucha za mume wangu zilikuwa nyeupe kwa kubonyeza. Mwenyewe usoni ametulia, anadhani anapapasa, kumbe anakandamiza mgongo wa yule mnyama kama ubao mgumu. Mkia ukapiga mara mbili, masikio yakarudi nyuma, akaumwa.

"Unaona?" akamwambia dada yake. "Sasa sikiliza, chakula mpe asubuhi..."

Sisi washonaji tunachomeka pini kwenye ukosi wa nguo. Nikachomoa moja. Nikaushika mkono wake wa kulia kana kwamba naangalia alipoumwa, nikamchoma kwenye ncha ya kidole cha shahada. Yeye alikuwa anamweleza dada yake habari za chakula. Akaendelea kueleza. Tone la damu likatoka, na yeye anaendelea kueleza.

Kidole kile ndicho kilichokuwa kinaona kibanzi ambacho macho yangu hayaoni.

"Wifi," nikasema, "rudi na kapu lako. Paka haendi popote."

Mume wangu akageuka, akaiona pini, akaiona damu. Akajaribu kuuvuta mkono, nikaung'ang'ania.

"Tangu lini?"

Akainama kuokota kifuniko cha kapu kwa mkono wa kushoto.

"Msasa! Tangu lini?"

"Ilianza kama ganzi," akasema. "Mwaka jana, tulipokuwa na yale madawati ya shule. Nikadhani itaisha."

"Na paka ulikuwa unamfukuza kwa nini?"

"Ananiumbua," akasema. "Kila akiniuma najua imezidi."

Wifi yangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akila, alienda jikoni akatuachia chumba.

Jumatatu tukawa hospitali. Tukiwa kwenye benchi tunasubiri kuitwa nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza angeniambia nini, kwamba yeye si fundi tena? Ndipo ulimi ukaniteleza. "Na shingo yangu je?"

Alielewa mara moja. Hakujifanya hajui. "Paka nikimuumiza ananiuma," akasema. "Wewe ungenyamaza. Miaka thelathini na moja hujawahi kuniambia naumiza. Ningejuaje?"

Nililia pale pale, pembeni ya mzee mmoja mwenye mguu kwenye plasta, akanipa pole akidhani nimefiwa. Mwaka mzima nimemnunia mtu aliyekuwa ananiogopea! Nilimwita mjinga, nikajiita mjinga, kisha jina letu likaitwa.

Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ya miaka mingi ya kushika mashine ya msasa inayotetemeka. Wangepasua kidogo waulegeze. Tungechelewa zaidi, kusingekuwa na la kufanya, na hata sasa hatoi ahadi. Akauliza tuligunduaje.

"Paka," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani, akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Mwenye karakana alikubali kumwekea nafasi miezi mitatu, siku moja zaidi hapana. Bandeji ilipotoka, mume wangu akaambiwa ajifunze kugusa upya: ashike mchele, sifongo, kitambaa. Alifanya siku mbili akachoka. Akasema mchele haujibu. Akamchukua Vumbi.

Basi hiyo ndiyo ikawa shule yetu. Yeye anapapasa, mimi nashona huku jicho moja liko kwenye mkia. "Mkia!" napiga kelele. Analegeza mkono. "Masikio!" Analegeza tena. Wiki za mwanzo aliumwa kila siku, vidole vikajaa alama, na mimi nikamsifia paka kwa sauti ili ajue niko upande wa nani. Kisha akawa anaumwa siku moja moja. Jioni moja nilisubiri kupiga kelele nisipate sababu. Vumbi alikuwa amelala fofofo chini ya mkono wa kulia, amelegea, mdomo wazi kidogo. Mume wangu hakuthubutu hata kukohoa. Chakula kikapoa tukiangaliana.

Alirudi karakanani zikiwa zimebaki siku tisa. Mashine amewaachia wengine, yeye anamalizia kwa mkono. Vidole viwili bado vimelala na daktari anasema huenda vikabaki hivyo. Siku hizi anapitisha kiganja cha kulia kisha cha kushoto, anachelewa, na wenzake wanamtania kwamba anabembeleza makabati. Mpaka leo hakuna kilichorudishwa. Sisemi hakitarudishwa.

Jana nilikuwa nashona, nimeinama, pazia refu la ukumbini. Nikamsikia anainuka kwenye kiti, Vumbi analalamika kwa kushushwa. Akapita nyuma yangu kwenda jikoni, akasimama. Kiganja kikatua shingoni. Kilikuwa kizito. Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Naumiza?" akauliza.

Neno la miaka thelathini na moja lilikuwa tayari mdomoni: hapana. Nikalimeza.

"Kidogo," nikamwambia. "Punguza."

Akapunguza. Mkono hakuuondoa.