Mkono Usiovimba

Ilitangazwa rasmi gatini Amu, kisiwani Lamu, mwaka wa 1966, kwa kipaza sauti kilichokoroma kuliko msemaji wake, kwamba uvimbe ni mtoto wa uchafu, na mtumishi wa afya aliye safi havimbi. Mkaguzi angekuja kuhakikisha.

Patroba, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati, kutoka bara, alilipokea tangazo kwa moyo mkunjufu. Alikuwa akikitolea macho cheo cha dresa mkuu, na mkaguzi ndiye mwenye kukitoa. Basi wiki ileile, alipokuwa akipara samaki, mwiba wa changu ukamdunga kidole cha shahada. Kulipokucha kidole kilikuwa kama muhogo.

Angekuwa mgonjwa mwingine, Patroba angemdunga penisilini. Kwa kidole chake mwenyewe alifungua kabati la dawa za pumu, akameza prednisoloni, dawa ishushayo uvimbe, akaongeza nyingine. Uvimbe ukanywea. Patroba akautembeza mkono hadi barazani kwa Bi Ruqaya, mwenye nyumba aliyopanga.

"Tazama, Bi Ruqaya. Sayansi hiyo!"

"Naona. Na homa je? Yeo watetemeka ukiwa juani. Yenyewe haikusikia tangazo?"

"Uchovu tu."

"Haya, Bwana Patroba. Na hiki kidole cheusi, chaona haya?"

Siku ya pili akaanguka sokoni, akapelekwa hospitali juu ya punda, kichwa upande huu, miguu upande ule. Huko Daktari Nur alikitazama kidole, kisha akamtazama mwenyewe.

"Chembe nyeupe za damu hupita mshipani kama watu kwenye vichochoro vyetu," alisema. "Haziingii kwa mtu bila kukaribishwa. Utando wa ndani ya mshipa ndio mwenye nyumba. Pakiingia vijidudu, utando hunata, chembe zikashikamana nao, zikajipenyeza nje kwenda kupigana. Vurugu hiyo, na maji yanayovuja, ndiyo uvimbe wenyewe. Wewe kwa prednisoloni yako umemlaza mwenye nyumba usingizi. Askari wamepita mlangoni wakenda zao. Wezi wamekaa wanakula."

"Lakini Daktari, uvimbe ulishuka."

"Ulishuka, naam. Hata maiti havimbi siku ya kwanza."

Patroba aliuliza jambo moja tu: kama atakuwa amepona kabla ya ukaguzi.

Alipona. Mkaguzi alipita mstarini, akaukagua mkono wake mbele na nyuma, akauona safi, hauna uvimbe popote. Ulikuwa na vidole vinne.