Jiwe Lililong'arishwa

Juu ya mlima wa Kasansa, hatua chache kupita msalaba wa Ijumaa Kuu, kuna jiwe lenye doa jeupe ukubwa wa ungo. Hapana kitu pale. Gaspar Malale akipita kwenda kwenye mizinga yake ya nyuki, hugeuza uso upande wa pili.

Zamani paliota kitu cha rangi ya kutu, kikavu, kimeng'ang'ania jiwe kama ukoko kwenye sufuria. Hakikuwa na jani wala mzizi. Watu walikiita uchafu, na Gaspar naye, mpaka siku Jeniffer, mtafiti wa chuo kikuu, alipopiga magoti mbele ya kitu kile akakikagua kwa lenzi.

"Mzee, hiki sijakiona popote. Ni kuvu na mwani, wameungana wakawa kiumbe kimoja. Kwa mwaka hutanuka unene wa uzi tu. Kinamzidi hata babu yako umri." Akabandua kipande upana wa ukucha. "Kiangazi narudi na wenzangu. Tukikipima kikiwa hai, kitapata jina. Nitunzie."

Gaspar aliishia darasa la saba. Hakuwahi kukabidhiwa kitu na msomi. Miezi minane alilinda. Hakumwambia mtu, hata mkewe Katarina, akihofia waganga watakikwangua wafanye dawa. Siri ile ilimpa mwendo mpya.

"Baba Wiliam siku hizi anatembea kama diwani," walimcheka Gaspar kwenye jumuiya ya kanisa.

Jeniffer alipopiga simu, Gaspar alimwambia mkewe maneno machache. "Jumamosi kuna wageni wa chuo. Wanakuja kuangalia lile jiwe la juu."

"Jiwe? Kwani huko kwao mawe yameisha?"

Gaspar akacheka, akashika njia ya mizinga.

Ijumaa jioni alikuta brashi za waya zimeanikwa uani. Kila Kwaresima akina mama wa jumuiya huusugua ule msalaba. Safari hii, ingawa haikuwa Kwaresima, walikuwa wamepanda kwa ajili ya lile jiwe.

"Wanawake tisa, majivu na mchanga," Katarina alisema, akimwonyesha malengelenge viganjani. "Lilikuwa chafu, baba! Nyie wanaume mngewaonyesha wageni aibu ile? Sasa linang'aa."

Gaspar aliketi kwenye kigoda.

"Hata asante hakuna?"

Kesho yake Katarina alisikia yote palepale mlimani, sinia la karanga mkononi, mbele ya Jeniffer aliyekuwa akifuta machozi kwa ukosi wa shati. Aliwangoja wageni washuke.

"Miezi minane tunalala kitanda kimoja," alimwambia mumewe. "Ukaniweka fungu moja na waganga."

Akamwaga karanga kwenye majani, akashuka peke yake. Kwaresima iliyofuata hakupanda kusugua msalaba.

Kile kipande cha upana wa ukucha kimo ndani ya bahasha ya kaki, kwenye droo ya kabati huko chuoni. Kimekufa. Juu ya bahasha pameandikwa Kasansa na tarehe; mahali pa jina pako wazi.