Neno la Wakati

Leo mjukuu wangu Neema amenisahihisha kitenzi.

Anajifunza Kijerumani, nami mwalimu mstaafu siwezi kunyamaza.

Nikamweleza kuwa kitenzi wao hukiita pia Zeitwort: Zeit ni wakati, Wort ni neno. Sisi jina tulilitoa kwenye kutenda, wao kwenye wakati.

"Nipe mfano, babu."

"Bibi yako anapendaga sato wa kuchoma."

Akainamisha kichwa.

"Babu... alikuwaga anapenda."

Mke wangu tulimzika kwetu Kiriba mwezi uliopita.

Nikamwambia, "Umepata, mama. Wakati ndio huo." Kisha nikajifanya natafuta miwani, na nilikuwa nimeivaa.

Nyie mliofiwa na wenzi wenu kabla yangu, ulimi ulizoea lini?