Saini ya Mlezi wa Gazeti

Nilikuwa mtu wa darasa la saba kwenye chuo kikuu cha watu, kazi yangu kuzungusha mashine ya kudurufu. Gazeti la wanafunzi nililichapa mimi. Mhariri wake alikuwa binti wa kabila langu, wa Nassa, na kila asubuhi aliingia na salamu ya kwetu na kelele zake.

"Mwangaluka, bhabha! Wino punguza, wasomaji wanatoka na masizi puani!"

"Nyie andikeni mafupi."

Nakitamani kile chumba mpaka leo.

Ndipo likaja toleo lililohusu kuchangia gharama za masomo, maana serikali ilishaanza kusema kila mtu abebe mzigo wake. Ukurasa wa mbele ulimsema mkuu wa chuo. Niseme haki, maneno mengine yalizidi. Chuo kikalifunga gazeti na kumfukuza binti, kikidai alichapisha bila idhini. Naye akakishtaki chuo, arudishwe amalizie mwaka wake wa mwisho.

Nikaitwa shahidi wa chuo. Barazani mahakamani binti alinishika mkono. "Bhabha, usiogope. Sema ulichokiona."

Wakili wa chuo akaniuliza, "Ulipouchapa ukurasa huu, ulikuwa na saini ya mwalimu mlezi wa gazeti?"

"Haukuwa nayo."

"Inatosha."

Wakili wa binti hakuniuliza kitu, labda aliona nimeshawaharibia. Nikashuka kizimbani. Lakini yule mlezi siku zote alisaini baada ya gazeti kuchapwa, na hakuna aliyejali. Hilo sikulisema. Labda nilihofia kibarua changu, labda nilidhani adabu ya mahakama ni kujibu ulichoulizwa. Nikijiuliza leo, majibu hubadilika.

Binti akashindwa kesi. Hakuja kuniaga, na simlaumu.

Baadaye nilirudi Bariadi kulima pamba. Mwaka mmoja, pamba ikiwa imeshavunwa, nikapanda gari mpaka Nassa, nikauliza kwao. Mama yake alikuwa anaanua dagaa. Alinipa kigoda na maji, akasema binti anafundisha Zambia, barua zake huja mara mojamoja.

"Umetoka mbali, bhabha. Una neno tumwandikie?"

Neno nilikuwa nalo, la ile saini, nimelipanga njia nzima. Nikamtazama yule mama, nikaona aibu kulitua kwake.

"Mwambieni yule wa mashine alipita kumsalimia."

"Basi? Hilo tu?"

"Hilo tu, mayu."