Mlima Uliosimama Katikati ya Picha

Saa moja na nusu asubuhi, studio ya picha haijafunguliwa, na Mama Mapazia amepanda juu ya meza akichora wingu. Brashi moja iko mkononi, nyingine ameibana kwa meno. Ukimsalimia anaitikia kwa nyusi.

Jina hilo alipewa na wateja. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni kuchora yale mapazia makubwa ambayo watu husimama mbele yake wakapigwa picha. Amechora zaidi ya sitini. Karibu yote yana milima ya theluji na nyumba za mbao, mambo aliyoyanakili kutoka kwenye kalenda za zamani.

"Theluji nimeichora mpaka nimeizoea kama chumvi," anasema akicheka. "Lakini sijawahi kuigusa. Na nchi yangu mwenyewe nilikuwa siijui kupita kituo cha basi."

Mwaka jana paa la studio lilivuja, fundi akahitaji wiki nzima. Siku hizo shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa anapeleka madawati kwenye shule za mbali kwa lori dogo, safari ya siku nne. Utingo wake aliugua. Mama Mapazia akaombwa apande badala yake, kazi yake iwe kuhesabu madawati na kumpigia soga shemeji asisinzie kwenye usukani.

Mwanzoni kuhesabu alihesabu. Soga zilimwishia siku ya kwanza, lori lilipomaliza kupanda kona za mlimani na mawingu yakabaki chini yao.

Anakumbuka: "Shemeji akadhani naumwa."

Kule chini lilitanda bonde la majani ya rangi ya asali, na mto umejikunja ndani yake kama mshipi uliotupwa chini. Udongo ulikuwa mwekundu, mbele kidogo ukawa mweupe, mbele zaidi ukawa mweusi tii. Kila ulipobadilika alimsimamisha dereva, akachota kiasi kwenye chupa tupu ya dawa, ili akirudi achanganye rangi zifanane nao.

Mara ya saba dereva alichoka.

"Shemeji, nimebeba madawati au nimebeba mtalii?"

"Umebeba vyote. Simamisha."

Dereva huyo anasimulia kituko kingine. Kila walipofika penye kupendeza, Mama Mapazia alifumba jicho moja, akainua kiganja na kuziba katikati. Ndiyo mazoea ya kazi yake: katikati ya pazia huachwa wazi kwa ajili ya mteja, vizuri vyote hukaa pembeni.

Siku ya tatu, nje ya shule moja, walikuta mlima wenye nundu mbili, umelala peke yake kwenye tambarare kama ngamia aliyeshiba. Akainua kiganja. Mlima wote ukapotea. Akakishusha, akautazama mpaka madawati yote yakashushwa bila yeye kuyahesabu.

Aliporudi aliuchora, na akauweka katikati kabisa.

Mwenye studio alipoliona pazia alishika kiuno. Alitaka kujua mteja asimame wapi, juu ya mlima au ndani yake. Tayari alikuwa ameulizia mapazia ya kuchapwa kwa mashine, yasiyohitaji mchoraji. Akatoa mwezi mmoja: wateja wakilikataa pazia hilo, ananunua ya mashine.

Kwa wiki tatu walilikataa. Vijana walisema mbona kama huku huku kwetu, wakaomba theluji. Wachache waliokubali walisimama katikati, nundu zikawachomozea kichwani kama pembe. Bwana harusi mmoja aliitazama picha yake kwa muda mrefu, kisha akaomba irudiwe.

Wiki ya nne aliingia muuza vyungu mmoja na wanawe watatu wakubwa. Alisita mlangoni, kiatu kimoja ndani, kimoja nje.

"Huo mlima ni wa kwetu," alisema. "Niliuacha nikiwa msichana."

Wanawe walikwenda kujipanga katikati kama kawaida. Mama yao akawavuta mikono mmoja mmoja.

"Sogeeni huko. Nao ni wa nyumbani, msiuzibe."

Wawili wakasimama kulia, mama na mwanawe mmoja kushoto, na mlima ukabaki katikati kama mtu wa ukoo. Mwenye studio aliitundika picha hiyo dirishani. Wapita njia wakaanza kuingia kuuliza ni nchi gani, na wengine wakiambiwa ni hii hii wanabisha.

"Nilidhani ameniharibia kitambaa," anakiri mwenye studio. "Sasa theluji imejaa vumbi." Habari za mashine hazitaji tena. Kazi yake ni kuwaambia wateja, "Pembeni, pembeni."

Mwezi ujao lori linaelekea upande mwingine wa nchi, na Mama Mapazia ameshaosha chupa kumi na moja. Anataka siku moja ukuta wote ujae mapazia ya huku, kila mteja akifika akute kwao. Shemeji amempa sharti moja tu: asimsimamishe halafu aanze kuziba kwa kiganja.

Mama Mapazia anatoa brashi menoni.

"Hicho kiganja," anasema, "safari hii nitakikalia."