Siku Moja Maizuru

Miaka ile nilikuwa nafanya kazi Dubai, kwenye ghorofa moja ya Silicon Oasis, nikimtunza mzee wa Kijapani. Binti yake, madam wangu, alimchukua akae naye baada ya mama yake kufariki. Mzee hakuipenda Dubai. Kiyoyozi kilimuumiza magoti, na nje hakukuwa na pa kwenda. Tulizungumza kwa Kiingereza cha kuungaunga na Kijapani kidogo alichonifundisha. Nilimwita babu.

Mwaka mmoja, mwezi wa nne, tulisafiri sote hadi Kyoto, madam akauze nyumba ya wazazi wake. Mzee akasema hawezi kukaa akitazama vyombo vya mkewe vikitiwa kwenye maboksi. Alitaka kwenda Maizuru.

"Kuna nini huko, Baba?" madam akamuuliza.

"Bahari."

Madam akanigeukia. "Mpeleke basi. Treni ni moja tu, hampotei."

Maizuru ni mji wa manowari tangu zamani. Tulipita kwenye maghala ya matofali mekundu ambamo jeshi la majini liliweka silaha zake. Siku hizi wanauza biskuti na kadi. Meli za kijivu zilikuwa zimefunga gati, na watu wakipiga picha. Mzee hakuzitazama. Akasimamisha teksi, ikatupeleka nje kidogo ya mji, kwenye gati dogo la mbao, jipya, lililojengwa kama kumbukumbu ya lile la zamani.

Tukaketi. Hapo ndipo aliponieleza. Baada ya vita, wanajeshi waliotekwa na kupelekwa Siberia walirudishwa kwa meli, wakishushwa hapo. Baba yake alikuwa mmoja wa waliosubiriwa. Kila meli ilipotangazwa, mama yake alimshika mkono wakaja, akiwa na kitambaa alichokiandika jina la mumewe. Siku moja mwanamume aliyeteremka alilisoma lile jina, akawaambia, "Alifariki. Nilikuwepo."

"Mama akamshukuru," mzee alisema. "Na meli iliyofuata, tukaja tena. Na nyingine. Nikachoka. Nikampigia kelele mbele za watu: Baba hayupo, twende nyumbani! Akakikunja kile kitambaa. Hatukurudi tena."

Madam, aliniambia, hakuwahi kuambiwa habari hiyo.

Kisha akaniuliza, "Mwanao ana miaka mingapi?"

"Saba." Nilimwacha Mombasa kwa mama yangu akiwa na miwili.

"Anakusubiri?"

"Ananisubiri, babu."

Nilimdanganya. Ijumaa iliyopita nilipopiga simu nilimsikia akimwambia bibi yake, "Mwambie nimelala."

Mzee akasimama kwa shida, nikamshika kiwiko. Akavua kofia, akainama kuelekea maji, akasema neno moja la Kijapani kwa sauti. Nililijua. Ndilo alilonifundisha nimwambie madam akirudi kutoka kazini jioni: karibu nyumbani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamfunga skafu vizuri shingoni kwa sababu sikujua la kufanya, nami nikalia.

Kwenye treni alilala njia nzima. Madam alipouliza siku ilikuwaje, alijibu, "Upepo ulikuwa mkali."

Alifariki Dubai mwaka uliofuata, kabla joto halijaanza. Madam alikuwa amenitafutia kazi kwa rafiki yake mtaa wa Al Twar, mshahara uleule, watoto wawili. Nikamwambia khalas, inatosha, madam, narudi kwetu. Wenzangu waliniona mjinga.

Mwanangu alikuwa mlangoni nilipofika. Alinipa shikamoo, akaniletea kiti na maji kwenye sinia, kama mgeni anavyopokewa. Nilimkumbatia, akasimama mikono yake ikiwa chini, akingoja nimalize. Kisha akamgeukia bibi yake, mimi nikiwa palepale.

"Anaondoka lini?"

"Haondoki tena," mama akamwambia.

"Haya," akasema, akatoka nje kucheza.