Mashine Iliyolazwa Chali Mpakani

Kaka yangu alipopinduka na pikipiki yake ya magurudumu manne kwenye mtaro wangu, jambo la kwanza alilofanya baada ya kupangusa matope lilikuwa kukataza mtu yeyote asiiguse.

"Iacheni hapo hapo," aliwaambia wachuma chai. "Naibu wa chifu aje aone ilivyolala."

Ndiyo desturi yetu huku Ikonge linapokuja suala la mpaka. Mti ukiangukia kwa jirani, ng'ombe akivunja ua, hakuna kinachosogezwa kabla mwenye mamlaka hajaona. Desturi hiyo imezuia watu wengi kukatana mapanga. Haikutungwa kwa ajili ya injini.

Ilipinduka saa mbili asubuhi. Naibu wa chifu alikuwa mkutanoni Nyamira, akafika saa tisa. Muda wote huo mashine ililala chali, magurudumu juu kama mende. Nilimwambia kaka mara moja tu, nikiwa upande wangu wa mtaro: "Igeuze. Mafuta ya injini yanaingia kusikostahili."

"Unataka kuharibu ushahidi," alijibu bila kunitazama.

Hatimaye iliposimamishwa, iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mzito wa samawati na kukohoa. Kila alipoiongezea moto ilizimika. Kaka akatangaza mbele ya watu wote kwamba baba alituachia njia ile ya mpakani tuitumie sote, nami nimeimega kwa mtaro, na sasa mtaro umeua injini inayobeba majani yake ya chai. Isipopona, anataka mistari mitatu ya chai iliyo kando ya mtaro. Mistari hiyo aliipanda mama, akanigawia mimi kabla hajafa.

"Omogaka," naibu wa chifu aliniambia, neno letu la heshima kwa mtu mzima, ingawa sauti yake haikuwa na heshima, "huo mtaro uliupima?"

"Mimi hupima kila kitu," nilisema, kisha nikaanza haraka kueleza habari ya mafuta. Nikaomba niifungue injini.

"Fisi aombe kuchunga mbuzi!" alisema mke wa kaka. Wachuma chai wakacheka.

Iliamuliwa niifungue kesho yake saa nne, uani kwa kaka, mbele ya wote.

Sikufundishwa ufundi na mtu. Niliupata katika vitabu chakavu vya sokoni Kisii, na katika injini mbovu ambazo hakuna aliyejali nikizivunja. Nilijifunza kwamba ukikisia utabadilisha vipuri vitano vizima kabla ya kufika kwenye kibovu. Kwa hiyo nilitandika gunia, nikaanza na lililo rahisi.

Kijiti cha kupimia mafuta kilitoka karibu kikavu. Kaka akasema nimeyamwaga usiku. Nikafungua kasha la chujio la hewa, nikatoa sifongo yake na kuikamua mbele ya naibu wa chifu. Mafuta meusi yalitiririka hadi kwenye viganja.

"Injini hupumua kwa mpira huu," nilisema, nikiugusa mpira unaotoka kwenye injini hadi kwenye kasha. "Ikilala chali, mafuta hufuata mpira hadi kwenye chujio. Injini ikawa inavuta mafuta badala ya hewa. Na ililala hivyo saa saba nzima."

"Kwa hiyo ni mimi?" kaka aliuliza.

"Mimi nakamua sifongo tu."

Niliiosha sifongo kwa sabuni na maji ya moto, nikaianika kivulini. Nilitoa plagi ya kuwashia, nyeusi na iliyolowa, nikapiga kiki huku tundu likiwa wazi hadi mafuta yaliyobaki ndani yakaruka nje. Kaka alisimama karibu mno. Yalimrukia suruali. Sikuomba radhi.

Nikasafisha plagi, nikajaza mafuta mapya hadi kwenye alama, nikarudisha sifongo ilipokauka. Ikawaka. Moshi ulififia, sauti ikatulia. Halafu, kama dakika kumi baadaye, ikazimika.

"Mwambieni alete jembe," mke wa kaka alisema, "atuchimbie mpaka mpya wa ile chai yetu."

Kaka alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mpakani. Niliifuata kanuni yangu: ikibadilika tabia, tafuta kasoro nyingine. Nilifungua kifuniko cha tangi la petroli. Likavuta pumzi kwa nguvu, fyuu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Injini ikawaka tena mara moja. Nilipoinua tangi nikakuta mpira wake wa kuingizia hewa umebanwa bapa na chuma kilichopinda wakati wa kuanguka. Tangi lilikuwa likikosa hewa, na petroli haikuteremka. Nilinyoosha chuma. Injini ilinguruma nusu saa nzima bila kukohoa.

"Mashine imepona. Hakuna chai ya kugawa," alisema naibu wa chifu, akaondoka. Kaka hakunishukuru. Alizima injini na kusema, kwa sauti ya chini ili nisikie peke yangu: "Hukumjibu kama mtaro huu uliupima."

Jioni nilichukua kamba ya kupimia, nikasimama kwenye njia. Nilipoichimba mitaro mingine niliipima. Huu niliuchimba siku ya mvua, kwa haraka na kwa hasira, kwa jicho tu. Ulikuwa umeingia njiani shubiri mbili.

Sikumpelekea mtu habari hiyo. Nilishika jembe, nikafukia ukingo wa njia na kuchimba shubiri mbili upande wangu, hadi kwenye mizizi ya mstari wa kwanza wa mama. Mashina manne ya chai yalinifia baadaye.

Asubuhi kaka alipita na magunia ya majani, injini ikisikika safi. Aliutazama mtaro, akanitazama mimi. Hakupunguza mwendo.